Kosa Husemwa Chai Ikingali Moto

Siku hizi mtu akitaka kucheza karata anainamia simu. Kidole kimoja kinasukuma kopa na shupaza kama mtu anayefukuza sisimizi mezani, na anayecheza naye hana uso wala kikohozi. Akishindwa, anazima. Huo nao wanauita mchezo, na mimi nikikataa naambiwa mzee ana wivu. Sawa, ninao. Nilikaa miaka mingi katika chumba ambamo ukishindwa ulilazimika kumtazama mwenzako machoni, na aliyetufundisha kutazamana alikuwa mfua nguo.

Tulimwita Dobi. Jina lake lingine lilibaki kwenye vyeti. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, mbele meza ya pasi, nyuma uwanja mdogo wa kuanika. Ukiingia ulipokewa na harufu ya wanga na joto la nguo, ukakaa juu ya kindoo kilichogeuzwa, maana kiti kilikuwa kimoja na daima kilikuwa na suti ya mtu. Mke wake alifariki binti yao akiwa bado anatambaa. Dobi hakuoa tena. Alimlea mtoto mle mle dukani, akamlaza kwenye tenga la nguo zilizokuwa zikisubiri pasi, na mteja akirudi na shati lenye alama ya mate ya mtoto, Dobi alimwambia, "Huo ni wanga mpya, mzee, wa kigeni." Mtoto yule akakua, akasoma, akaolewa, akazaa pacha. Kila Jumamosi alikuja na pacha wake na furushi la mashati ya mumewe. Dobi aliyafua bure, na siku hiyo hakupokea kazi nyingine yoyote. Ukitaka kumjua mtu yule, anzia kwenye Jumamosi zake.

Klabu yetu ya briji ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ndiye mwenyekiti, tukimwita Misumari. Unapanda ngazi, unapita harufu ya rangi, unakuta meza nne zilizotandikwa vitambaa vya kijani. Dobi alianza kufika pale kuchukua vitambaa hivyo akavifue. Meza moja ikawa haijamaliza, akasimama kusubiri. Akasubiri hivyo wiki nyingi, mikono nyuma, hadi siku mchezaji mmoja alipoumwa tumbo. Misumari akamwambia, "Dobi, kaa hapo ushike karata tu, usitie watu aibu." Akakaa. Ikawa kazi kumwinua. Miaka haikupita mingi akawa nahodha.

Kwa asiyeijua briji: wanacheza wanne, wawili dhidi ya wawili, na mwenzako anakaa mkabala nawe. Kwanza mnanadi, kila mmoja kwa zamu akitaja ataweza nini na karata zake, kisha mnacheza. Mwenzako hazioni karata zako. Unachoruhusiwa kumweleza ni ulichonadi na karata unayotupa mezani. Ukimkonyeza, ukikohoa kwa makusudi, ukijikuna sikio, umeiba, na wizi wa namna hiyo hauna polisi. Timu yetu ilikuwa na jozi tatu, lakini jozi mbili tu ndizo zinazokaa mezani kwa wakati mmoja. Nahodha ndiye anayetaja nani acheze na nani apumzike. Akishataja, hajibiwi.

Jozi ya kwanza ilikuwa Dobi na mimi. Mimi nilikuwa msoma mita za maji, wakaniita Mita. Shule niliiachia njiani, na vitabu nilivisoma baadaye kwa hasira. Jozi ya pili ilikuwa Mwalimu na dada yake mkubwa, wanawake wawili waliogombana toka ngazini hadi mezani na wakishika tu karata wakawa kitu kimoja. Ya tatu ilikuwa mkwe wa Dobi, yaani mume wa binti yake, kijana mtanashati, mcheshi, aliyecheza na rafiki yake wa kampuni ya bima. Huyo tulimwita Bima. Hao wawili ndio waliotufikisha nusu fainali.

Dobi alikuwa na sheria yake moja, na ndiyo iliyotuweka pamoja. Baada ya kila mashindano tulikaa, birika likaletwa, vikombe vikajazwa. Aliyekosea alisema kosa lake mwenyewe, chai ikingali moto. Wengine waliruhusiwa kumcheka, kumtania, hata kumtukana kidogo. Chai ikishapoa, kosa limefungwa. Haliguswi tena, si pale, si njiani, si mwakani. Nimeona klabu zikivunjika kwa sababu ya karata moja iliyotupwa vibaya ikakumbukwa miaka kumi. Ya kwetu haikuvunjika. Leo nani ana sheria kama hiyo? Leo mtu akikosea anaandikwa kwenye simu za watu elfu moja, na chai haipoi milele.

Sasa nifike kwenye mashati.

Wiki ya nusu fainali nilipita dukani, nikamkuta Dobi amesimama mbele ya meza ya pasi bila kupiga pasi.

"Mita, njoo. Tia kidole hapa."

Nikatia. "Tundu la kifungo."

"Mkono gani?"

"Kushoto."

"Tia na la kulia."

La kulia lilibana kama kiganja cha bahili. La kushoto lilikuwa limelegea, nyuzi zimetoka nje kama ndevu. Nikamwambia shati limechakaa, amwambie mkwe wake anunue jingine. Akanitandikia jingine juu yake, na jingine, la bluu, la mistari, jeupe la kuendea ofisini. Yote ya mkwe. Yote yamelegea kushoto, na vifungo vyake vimeshonwa upya kwa uzi mwingine.

"Labda anapenda kukunja mkono," nikasema.

"Anayekunja hukunja yote miwili. Huyu anafungua mmoja, anafunga, anafungua. Kutwa." Akaichukua pasi, akairudisha. "Shati halichakai upande mmoja bila sababu. Nusu fainali mimi na wewe tunapumzika. Wewe kaa nyuma ya mkwe wangu. Chukua gazeti. Usiniambie kitu mpaka nikuulize."

Nilikaa na gazeti langu. Mtazamaji anaruhusiwa kukaa nyuma ya mchezaji na kuona karata zake, ilimradi afunge mdomo na uso. Karata zilipogawiwa, mkwe akazipanga, akanyoosha shingo, na kidole gumba cha kulia kikafika kwenye mkono wa kushoto, kikafungua kifungo. Mkononi alikuwa na kopa nzuri, ree na mfalme pamoja. Ikafika zamu ya Bima kutupa karata ya kwanza. Bima, ambaye huwaza kama ng'ombe anayevuka daraja, hakuwaza. Akatupa kopa. Mgao uliofuata mkwe hakuwa na kopa ya maana. Akafunga kifungo, na Bima akaenda pengine kabisa. Nikajiambia imetokea tu. Ikatokea tena, na tena. Nilipofika ukurasa wa matangazo ya vifo nilikuwa sihitaji tena gazeti.

Tulishinda. Watu wakapiga makofi mpaka vumbi la saruji likapanda toka dukani. Dobi, aliyekuwa akimtazama Bima toka upande wa pili, akanivuta kando, penye dirisha.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Kopa?"

"Kopa."

Alifumba macho kidogo. "Basi nyamaza. Nampa chai."

Chai ikaja. Dobi alimimina mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akifanya, na kikombe cha mkwe akakijaza hadi ukingoni.

"Haya," akasema, "ya moto hiyo. Nani ana lake?"

Mwalimu akainua mkono. "Mimi niliua mfalme wangu wa pau kwa mikono yangu mwenyewe."

"Umemuua, umemzika, na matanga umekula," dada yake akadakia. "Nilitamani nikupige na kiatu."

"Kiatu chenyewe umekiazima kwangu!"

Tukacheka. Dobi akacheka pia, lakini macho yake hayakutoka kwa mkwe.

"Na wewe, baba? Huna la kusema?"

Mkwe akafungua mikono yake miwili kama mchuuzi anayeonyesha hana chenji. "Leo, mzee wangu? Leo hata malaika angeomba nimfundishe."

Bima akacheka mpaka akamwaga chai.

"Fikiri vizuri," Dobi akasema. "Mtu hukosea bila kujua."

"Nimefikiri, baba."

Wengine wakaanza kuzungumzia fainali. Mimi nilikitazama kikombe cha mkwe: mvuke ukapungua, ukaisha, maziwa yakatengeneza ngozi juu. Dobi alikuwa akikitazama vilevile. Kisha akainuka, akaanza kukunja vitambaa vya meza, taratibu, pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja sanda.

Kwenye ngazi nikamshika. "Nenda kwa Misumari ukaseme."

"Chai imepoa, Mita."

"Hiyo ni sheria ya chai, Dobi! Si amri ya Mungu."

"Niliitunga mimi. Nikiivunja siku inaponiuma, ilikuwa sheria gani?" Kisha, kwa sauti ndogo: "Na nikisema, nimemvua nguo mume wa mtu mbele ya mji mzima. Huyo mtu ni mwanangu. Mama yake aliniachia kitu kimoja tu duniani."

Ndipo nilipoelewa kwamba chai ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ilikuwa Jumamosi.

Siku ya fainali tulikutana na timu ya Benki, watu wa tai na viatu vya kung'aa. Dobi akasimama kutaja jozi zake. "Mwalimu na dada yake. Mita na mimi." Akakaa.

Chumba kikachemka. Mkwe alikuwa amekwisha kuvaa shati jeupe, wanga wa Dobi mwenyewe shingoni.

"Baba, umesahau kututaja," akasema, bado akitabasamu.

"Sijasahau. Mnapumzika."

"Tunapumzika fainali? Kwa kosa gani?"

Dobi akamtazama, nami nikaomba kimoyomoyo kijana aelewe. Nadhani alielewa. Tabasamu lilimtoka, na mkono wa kulia ukaenda kushika kile kifungo cha kushoto, kwa mazoea tu. Bima ndiye aliyepiga kelele. "Mzee anataka picha yake gazetini, hana jingine! Anaona wivu na mkwe wake!" Misumari akaja kunong'ona, akanong'ona kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wapakiaji: "Dobi, umerogwa? Hao ndio miguu ya timu!" Dobi akamjibu kwamba nahodha akishataja, hajibiwi.

Tulicheza vizuri, nalisema bila haya. Mwalimu na dada yake walicheza kama watu wenye akili moja. Lakini tulishindwa kidogo, kwa mgao mmoja wa mwisho, na kushindwa kidogo kunauma kuliko kushindwa sana. Chai haikuletwa. Misumari alimvua Dobi unahodha pale pale, mbele ya Benki waliokuwa wakivaa makoti yao.

Jumamosi binti alikuja bila furushi na bila pacha. Mimi nilikuwa juu ya kindoo changu. Nikataka kutoka, akanizuia.

"Kaa, baba mdogo. Wewe ulikuwepo, usikie." Akamgeukia baba yake. "Mume wangu halali. Haendi kazini. Kila anapopita watu wanamuuliza baba mkwe wako amekukosea nini. Niambie na mimi nijue. Amekukosea nini?"

"Nahodha ana siri zake, mama."

"Mimi si timu yako! Mimi ni mtoto wako."

Dobi alikuwa na pasi mkononi. Akasema, "Yalikuwa maamuzi ya mchezo."

"Mchezo." Akatikisa kichwa. "Basi baki na mchezo wako. Mashati ya mume wangu nitafua mwenyewe."

Akatoka. Pasi ilikuwa imetulia juu ya kola ya mteja na kuiacha na alama ya kahawia. Katika maisha yake yote ya kazi sikuwahi kumwona akiunguza nguo. Hakuiondoa haraka.

"Mwambie," nikamsihi. "Mkimbilie, mwambie."

"Nimwambie ameolewa na mwizi? Akalale na nani leo?"

Nikamwita mjinga. Akasema ni kweli.

Mkwe na Bima wakahamia Benki. Hapo ndipo ugonjwa ulipopata hospitali kubwa. Walishinda kila kitu. Picha zao zikatoka, mikono imekunjwa kifuani, kombe katikati. Chama cha mchezo nacho kikawa cha kisasa. Kikafunga kamera juu ya meza za mashindano makubwa. Msichana mmoja wa chama, aliyekuwa akitazama picha hizo polepole, akauliza swali ambalo Dobi aliliuliza mbele ya meza ya pasi: kwa nini kifungo kile? Wakarudisha nyuma, wakapeleka mbele. Kila penye kopa, kifungo wazi. Wote wawili wakafungiwa maisha, Benki ikanyang'anywa kombe, na mji mzima ukawa mtaalamu wa briji kwa wiki mbili.

Kisha mtu akakumbuka fainali ile. Chama kikamwita Dobi.

Nilimsindikiza. Chumba cha mikutano kilikuwa na viti vya kuzunguka na maji ya chupa. Walikuwa watu watano nyuma ya meza, na nahodha wa Benki pembeni, macho mekundu. Mwenyekiti wao akauliza kwa adabu, "Mzee, siku ile uliwapumzisha. Ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema hapana. Hakuna aliyekuwa na ushahidi ila mimi, na mimi nilikuwa tayari kufa na siri ile. Angeweza kusema alihisi tu.

"Nilijua," Dobi akasema.

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Nahodha wa Benki akainuka. "Ulituuzia ng'ombe mgonjwa, mzee! Timu yangu ina watu sita. Wanne hawajui lolote, na leo watoto wao wanaitwa watoto wa wezi. Ungesema neno moja!"

Dobi akainamisha kichwa. "Hilo ni kweli, bwana."

Wakamfungia asiongoze tena timu yoyote. Tulipotoka nilikuwa nawaka. Nikamwambia hawa watu hawajui mtu, hawajui heshima, wanajua kamera. Zamani nahodha alibeba aibu ya timu yake kimya kimya, ikafia mgongoni kwake. Dobi akasimama katikati ya njia.

"Haikufia mgongoni kwangu, Mita. Iliwafikia wale wanne."

Sikupenda jibu hilo. Mpaka leo silipendi. Kumtoa mtu mezani bila kumtangaza ilikuwa ustaarabu, na mimi niliuheshimu ustaarabu huo maisha yangu yote. Lakini uso wa yule nahodha wa Benki nao siusahau, na siwezi kuvitia vyote viwili katika mfuko mmoja.

Binti alikuja siku ya kazi, mvua ikinyesha, bila mwavuli. Alikuwa amebeba shati moja, lile jeupe. Akaliweka juu ya meza ya pasi na kulifungua mkono wa kushoto.

"Nani alikuwa anashona hiki kifungo?" akauliza.

Dobi akainuka, akabandika birika.

"Ni mimi. Kila wiki. Nikimuuliza ananiambia ni mkono wa begi unakikwaruza. Nikashona. Nimeshona wizi wake kwa uzi wangu mwenyewe, na wewe ulikiona, ukajua, ukaniacha niendelee kushona."

"Niliogopa kukupoteza, mama."

"Ukanipoteza hivyo hivyo."

Birika likachemka. Dobi akamimina kikombe kimoja, akampa. Binti akakishika kwa viganja viwili, akaupuliza mvuke.

"Ya moto," akasema. "Haya. Sema."

Akasema. Alianza kwenye lile tundu la kwanza la kifungo, akaja kwenye gazeti langu, kwenye kikombe kilichotengeneza ngozi, kwenye Jumamosi aliyouma ulimi mpaka akaunguza kola ya mtu. Hakumlaumu mkwe wala hakujitetea. Alisema, "Nilimpa yeye nafasi ya kusema, wewe sikukupa. Kosa langu ni hilo." Binti alisikiliza akinywa funda moja moja, mpaka akaona chini ya kikombe.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Ningeumia wakati ule. Sasa nimeumia mara mbili."

Akajifuta uso kwa kile kitambaa cha kijani kilichokuwa kimekunjwa karibu naye, akakitazama alichoshika. "Bado unawafulia hawa?"

"Hawajaniambia niache."

Nusura acheke. Akalichukua shati, akalitazama, akaliacha palepale. Mlangoni akageuka.

"Jumamosi pacha watakuja. Dereva wa jirani atawaleta."

"Na wewe?"

"Mimi bado, baba."

Pacha wanakuja. Wanalala kwenye tenga kama mama yao alivyolala, ingawa miguu imeanza kuning'inia nje. Mama yao bado. Juu ya duka la Misumari sasa kuna mbao zinazowakinga wachezaji wasionane nyuso, na kamera juu ya kila meza, na baada ya mchezo kila mtu anashuka ngazi na simu yake. Vitambaa vya kijani vinaletwa kwa Dobi kila wiki na mpakiaji wa saruji. Anavifua, anavipiga pasi, anavirudisha. Shati jeupe la mkwe limetundikwa nyuma ya mlango, safi, limenyooshwa, kifungo cha kushoto kimefungwa. Hajapata wa kumrudishia.